Ufunguo wa Gari

Gari likisimama mbele ya nyumba zetu, jirani yangu mshonaji hawezi kushona. Anaacha mashine, anakaza kitenge kiunoni, anatoka kuita watoto wote, wangu pia. "Batoto, muingie!" Bénite wangu humcheka kama bibi yake: "Tate, ile ni gari ya viazi tu!" Lakini bibi huyo anamshika mkono kwa vidole vyake vyeupe vilivyojaa alama za sindano, hadi ngurumo ipotee upande wa Kirumba. Simkatazi. Mimi mwenyewe situlii siku hizi nikisikia gari. Wenzake wa zamani husema alichukuliwa kwa gari huko Luofu akiwa mdogo sana, kwa sababu baba yake alikuwa mzungu, na serikali ya Wabelgiji haikutaka mtoto wa namna hiyo alelewe na mama mweusi. Mama yake alilia kando ya gari hilo, na moteri haikuzimwa.

Juzi wageni kutoka Ulaya walikuja kumwomba msamaha. Walileta maua, na dereva wao akaacha gari likinguruma langoni. Mmoja akaanza: "Mama, kwa yale mliyotendewa..." Jirani yangu hakumtazama. Alikuwa amemkamata Bénite kwa nguvu, hata mtoto akageuka kunitafuta kwa macho.

"Muzime moteri kwanza."

Dereva akazima. Jirani yangu akanyoosha mkono wa pili.

"Na ufunguo."

Wageni wakaangaliana, kisha wakampa. Ndipo akamwachia Bénite, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo kwa meno.

"Sasa museme."