Kushuka Kadutu bila Kuimba

Nilibeba magunia miaka kumi na mmoja kwenye mteremko wa Kadutu, na magoti yangu hayakunisumbua hata siku moja. Kisha, nikiwa na miaka sitini na miwili, bila mzigo wowote, nimevaa viatu vizuri vya kukimbilia, mteremko uleule ukanikalisha chini mbele ya watu. Nikisimulia hayo watu hunihurumia. Sitaki huruma. Kosa lilikuwa langu, na wengi humu Bukavu wanalirudia kila Jumapili asubuhi huku wakipigiwa makofi.

Sikusoma sana. Baba alipokufa niliacha shule darasa la tatu, nikashika mkanda. Sisi wabeba mizigo hatukubeba kwa kichwa wala kwa bega. Gunia linalala mgongoni, mkanda unapita kwenye paji la uso, shingo ndiyo inavuta. Magari yalileta maharage na mihogo kutoka Walungu, yakashusha juu sokoni, sisi tukateremsha mpaka kwenye maduka ya chini. Ukirudi unapanda mtupu, au na mzigo mwingine ukipata bahati. Leo nina depo ya mbao, nina nyumba ya matofali pale Nyalukemba, na watoto wangu wote wamemaliza shule. Hakuna mtu aliyenipa. Lakini mbao zilinikalisha kwenye kiti, na kiti kikanipa tumbo.

Mke wangu ndiye aliyesema kwanza. Nilikuwa naingia nyumbani, yeye ameshika mlango.

"Papa, tumbo yako inafika mbele yako. Nikaribishe nani kwanza?"

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini usiku ule sikushiba vizuri.

Nilikuwa na jirani, muuza vitambaa, Mwislamu wa Uvira, ambaye mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi, na changu alikicheka kila siku. Yeye naye alikuwa na tumbo lake, dogo kuliko langu, lakini la muda mrefu zaidi. Tukakubaliana tuanze futingi. Hivyo ndivyo tunavyoita huku kukimbia asubuhi. Jumapili nilimsubiri kwenye kona akitoka sala ya alfajiri, bado ana kofia yake kichwani. Anaivua, anaikunja mara mbili, anaitia mfukoni, tunaanza. Na alihakikisha ananirudisha kabla ya misa ya pili. Katika miaka sita sikuchelewa misa hata mara moja, na aliyeniwahisha ni Mwislamu.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wawili tu. Halafu tukaingia kwenye kikundi cha mtaa, watu kama arobaini, wanaume kwa wanawake, walimu, mafundi, mama mmoja muuza samaki aliyekuwa akitushinda wote kwenye mlima. Kikundi cha futingi Bukavu hakikimbii kimya. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na miguu inapiga chini pamoja. Mimi nina sauti. Soko ndilo lililonipa, maana sokoni usipopaza sauti unakanyagwa. Wakanifanya mwanzilishi.

Sasa Bukavu ni milima. Ukipanda huna pumzi ya kuimba, unasikia tu watu wakihema kama mvukuto wa mhunzi. Kwa hiyo nyimbo zote tuliziwekea kushuka. Tukifika juu Kadutu nilinyanyua mkono, nikatupa mstari wa kwanza, na watu arobaini wakajibu, tukaanza kuteremka tukipiga lami, pa! pa! pa!, kama ngoma moja kubwa. Madirisha yalifunguka. Wamama waliokuwa wanafagia walisimama na fagio mkononi wakacheza. Chini kabisa ziwa lilikuwa limelala, na kulia kwangu, kila mara kulia kwangu, alikuwa yule ndugu yangu wa Uvira, anaitikia nyimbo za Kishi, lugha yetu ya hapa, asizozielewa hata neno.



Mwaka juzi, kiangazi kilipoanza, aliniambia anahama. Wanawe walikuwa wameshika biashara ya familia kule Uvira, mkewe ametangulia, duka la hapa atamwachia mpwa wake. Alisema wakati tunafunga kamba za viatu, bila kuniangalia.

"Nitaondoka mvua zikianza, kabla barabara haijaharibika. Jumapili yangu ya mwisho nataka tushuke Kadutu mimi na wewe mpaka ziwani. Halafu nifunge mizigo."

"Tutashuka," nikasema.

Sikumwambia kwamba goti langu la kulia lilikuwa linauma tangu Pasaka. Kanisani, wengine walipoinuka kutoka kupiga magoti, mimi nilibaki kidogo, nikijifanya nina sala ndefu. Padri labda alifikiri nimeokoka upya. Sasa huyu ananipa Jumapili ya mwisho, na mimi nimwambie nini? Kwamba mtu aliyebeba magunia ameshindwa na goti?

Nikafanya walichofanya zamani sokoni wenzangu wenye magoti mabovu. Nilikata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, nikaufunga gotini, nikakaza, nikavaa suruali ndefu juu yake. Wao walifunga hivyo ili wamalize siku, kisha wanafungua na kulala. Mimi nilifunga ili nisisikie maumivu, nikakimbia Jumapili tatu mfululizo, na katikati ya wiki pia. Nilikimbia zaidi kuliko zamani, nikidhani goti ni kama mfanyakazi mvivu, ukimkemea atanyooka.

Jumapili ya nne tulifika juu Kadutu. Nikanyanyua mkono, nikatupa wimbo, tukashuka. Katikati ya mteremko nilisikia kitu ndani ya goti, kama mbao mbichi inavyopasuka. Wimbo ulikatika kinywani. Nyuma yangu watu wakaendelea kuitikia wimbo usiokuwa na mwenyewe, mpaka mmoja akanigonga mgongoni. Nikakaa pale pale kwenye lami.

"Papa amefanya nini?"

"Amechoka! Muzee, si tulikuambia uache wali ya usiku, ile ya muchele ya Luberizi?"

Walicheka mpaka yule ndugu yangu alipoikunja suruali yangu wakauona mpira. Goti lilikuwa limevimba juu yake na chini yake. Kicheko kikaisha.  Yeye alifungua ule mpira taratibu, akautupa mtaroni, akaita pikipiki.

Nyumbani ndipo aliposema. "Umenificha mimi? Mimi ninayekuonyesha hata nyaraka za duka langu?"  Kesho yake hospitalini daktari aliniambia nitembee tu, na kukimbia nisahau kwa umri wangu. Nilihesabu wiki zilizobaki mpaka mvua. Zilikuwa tisa.

Binti yangu akanipeleka kwenye kituo cha afya kwa mtu wanayemwita kinezi, yaani fundi wa kuzoeza viungo. Nikatarajia mzee. Nikakuta msichana mwembamba mwenye miwani. Hakunigusa hata goti. Alinipeleka nje kwenye ngazi.

"Papa, shuka."

Nikashuka.

"Panda, shuka tena."

"Mama, nimekuja kutafuta dawa, haiko kuhesabu ngazi."

"Dawa iko hapa hapa ku ngazi. Unashuka sawa soda, askari wa parade. Nani alikufundisha kupiga chini vile?"

"Hakuna mutu wa kunifundisha kutembea."

"Mbele ya kuanza futingi, ulikuwa nafanya kazi gani?"

"Kubeba magunia. Kadutu."

"Na gunia ku mugongo, ulikuwa nashuka vile vile?"

Nilicheka kwa hasira. "Na gunia? Ningekuwa nimekufa zamani."

"Basi nionyeshe namna ulikuwa nashuka."

Nilitaka kukataa, lakini alikuwa ameshavuta taulo akalizungusha kwenye paji langu la uso, akashika ncha zake nyuma, akavuta chini kwa uzito wake wote. Na miguu ikakumbuka. Sikuiambia kitu. Niligeuka upande kidogo, magoti yakalegea, hatua zikawa fupi, mguu ukatua polepole, kwanza hivi, kisha hivi, kama mtu anayechora nyoka mlimani. Nilifika chini sijasikia maumivu.

"Voilà, papa. Ulikuwa unajua. Juu ya nini uliacha?"

Njiani kurudi ndipo nilipopata jibu. Nilipoanza kubeba, alikuwepo mzee mmoja aliyetuongoza, mtu mkali, jino moja mbele. Siku yangu ya kwanza nilishuka nikiimba ili nionekane nina nguvu. Alinizaba kofi. "Kupanda, imba unavyotaka," akasema. "Kushuka, funga kinywa. Ukiimba, muguu inafuata wimbo, haiangalie njia." Miaka kumi na mmoja sikuimba nikishuka. Halafu nikavaa kaptula, nikapewa watu arobaini wa kunijibu, nikasahau. Na si kusahau tu. Niliwafundisha wengine kusahau.

Yule binti wa miwani alinipangia kazi. Wiki tatu bila kukimbia. Kukaa kwenye kiti na mfuko wa mchanga kwenye kifundo cha mguu, kunyoosha mguu polepole, kuushusha polepole zaidi. Kusimama kwenye ngazi na kuteremka kwa mguu mmoja kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Baadaye kukimbia kutoka nguzo moja ya umeme mpaka nyingine, kisha kutembea nguzo moja, kukimbia nguzo moja. Na siku baada ya siku ya kazi ni ya kupumzika. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Maisha yangu yote kupumzika nilikuita uvivu. Nilichora kwa mkaa nyuma ya mlango wa depo, mstari mmoja kila siku goti lilipokaa kimya. Wiki ya tano niliona mistari imejaa, nikajiona mwanaume, nikakimbia siku mbili zikifuatana. Goti likavimba, wiki nzima ikapotea. Mke wangu akaufuta ule mlango wote kwa kitambaa.

"Anza tena," akasema. "Na mara hii, mi ndiye nitachora."

Ndugu yangu wa Uvira alikuja kila Jumapili. Kikundi kiliondoka na nyimbo zake, yeye akabaki kutembea na mimi kati ya nguzo. Nilimwambia aende na wenzake, asipoteze Jumapili zake za mwisho.

"Nitakimbia peke yangu Uvira mpaka nizeeke," akasema. "Sasa nyamaza, nguzo imefika, kimbia."

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Vumbi la kiangazi chote likawa tope. Jumapili tulipanda na kikundi, mimi nikitembea pale palipo pakali, na tukafika juu. Wote wakanitazama, wakisubiri mkono unyanyuke. Ziwa lilikuwa la kijivu, limefunikwa ukungu nusu.

"Leo tunashuka kimya," nikasema. "Hatua ndogo. Upande kwa upande."

"Yoo! Papa, futingi bila wimbo iko matanga!"

"Matanga ya magoti yako, ukiendelea kupiga lami."

"Muzee anaogopa mulima!"

"Mwacheni," akasema ndugu yangu. "Huyu alikuwa anaushuka mlima huu kabla nyinyi hamjajua kutembea, tena na gunia."

Nusu yao walinidharau. Kijana mmoja akaanzisha wimbo wangu mwenyewe, wakashuka wakipiga chini, nikaona migongo yao ikipungua. Sikuwaita. Yule mama muuza samaki alibaki, na wengine wachache ambao sikujua nao wana magoti yanayouma. Tukashuka kama wabebaji, tukivuka barabara kutoka upande huu mpaka ule, pikipiki zikitupigia honi. Nilisikia viatu tu, na pumzi ya ndugu yangu kulia kwangu. Pale nilipoanguka sikutazama chini. Goti halikusema neno.

Chini, kwenye tambarare kando ya ziwa, wale wengine walikuwa wametusubiri, wameshika viuno. Hapo ndipo niliponyanyua mkono, nikaimba. Ndugu yangu akaitikia, maneno yote akiyaharibu kama kawaida, na wote wakajibu, wakicheka.

Jumanne alipanda gari la Uvira. Alinipigia Jumapili iliyofuata, na anapiga mpaka leo, kila Jumapili kabla ya misa. Hasalimii kwanza. Anauliza, "Umeshuka?" Namjibu, "Nimeshuka."

Kikundi bado kinaimba kikishuka, si wote, lakini wengi. Nimewaambia, wamecheka, mmoja ameshafunga mpira gotini na anadhani sijaona. Mimi nashuka nyuma, upande kwa upande, nikiacha nafasi kulia kwangu bila kukusudia. Nikifika chini ndipo naimba. Sauti imezeeka, ila goti halijambo.