Jua Juu ya Mbavu za Mama

Nyumba ya mama yangu, nje kidogo ya mji wa Sori, kando ya Ziwa Victoria, ilivuja tangu nikiwa mdogo, na katika familia nzima mimi peke yangu ndiye niliyefurahia. Mvua iliponyesha tulipanga masufuria. Jua lilipowaka, kila tundu la msumari kwenye mabati lilidondosha sakafuni duara la mwanga, jeupe, lenye ukingo laini, na maduara hayo yalitembea polepole kutoka ukutani hadi kitandani. Matundu yenyewe hayakuwa ya duara. Mengine yalichanika kama mdomo wa samaki aliyenyofolewa ndoana, mengine yalikuwa nyufa tu. Lakini chini, yote yalitua yakiwa duara.

Mpaka nilipofika chuo kikuu, darasa la fizikia, ndipo nikafundishwa kwamba nilichokuwa nikikikanyaga utotoni ni jua lenyewe. Tundu dogo halileti umbo lake. Linaleta sura ya kile kinachong'aa upande wa pili. Wenzangu waliandika hayo wakafunga madaftari. Mimi nilikasirika. Miaka yote ile tulikuwa na majua chumbani, mengi kuliko vijiko, na hakuna aliyetuambia.

Hasira hiyo ndiyo iliyokuwa utafiti wangu wa shahada ya pili.

Mama hukausha samaki kwa moshi. Amefanya kazi hiyo maisha yake yote, akiinamia kuni ndani ya kibanda nyuma ya nyumba, akigeuza mbuta, yaani sangara, kwenye wavu wa chuma. Kifua kilipomshinda alipelekwa hospitali ya Homa Bay, akapigwa eksirei, akatibiwa, akapona kiasi cha kurudi kwenye moshi uleule. Picha ya kifua alirudi nayo, ile karatasi kubwa nyeusi ya plastiki, akaiweka chini ya godoro isikunjike.

Likizo moja nilimwomba picha hiyo. Nikaitandaza juu ya shuka jeupe sakafuni, nikaning'iniza simu kwenye kamba juu yake ili irekodi, nikasubiri jua lifike. Katika eksirei pafu lenye afya ni jeusi, nao mfupa ni mweupe, na pale penye weupe plastiki iko wazi, mwanga unapenya. Duara la jua likapanda kwenye picha kutoka ukingoni. Lilipokanyaga pafu, likazimika. Likafika kwenye ubavu, likawaka. Likazimika tena. Kisha likafika kwenye baka lililoachwa na ugonjwa, upande wa kushoto juu, na pale likawaka kuliko popote, likakaa, kana kwamba limepata kiti.

Nilitazama nikiwa nimeshika mdomo. Mama alikuwa mlangoni na kikapu.

"Kwa hiyo palipouma ndipo panapong'aa," alisema, akaenda zake kwenye moshi.

Hiyo ndiyo filamu niliyotaka kuitengeneza, na huo ndio utafiti nilioupeleka chuoni. Idara ya fizikia ikasema ni sanaa. Watu wa sinema wakasema ni fizikia. Watu wa tiba wakataka kujua mgonjwa ni nani na nani ameruhusu. Mtaalamu wa nyota aliniuliza darubini yangu iko wapi. Nikamjibu kwamba darubini yangu ni paa la mama, naye akacheka kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimechapisha riwaya, na kule kwenye fizikia riwaya ilinifuata kama harufu ya samaki. "Huyu ni mtu wa hadithi," walisema, mbele yangu.

Mwishowe walimu wawili, wa fizikia na wa sinema, wakakubali kuja Sori waone kwa macho yao. Baada ya kuona wangeamua: nibaki mwanafunzi wao, au jina langu lifutwe.

Asubuhi ya siku ya ziara yao nilikuwa natoka Homa Bay nilikokwenda tangu juzi kuazima kamera nzuri. Nikiwa bado mbali niliona kitu kinachometa kati ya miti ya katani. Ilikuwa nyumba yetu. Paa zima lilikuwa jipya.

Kaka yangu alisimama uani, mikono kiunoni, amechafuka kutu hadi kope. Yeye huchomelea milango ya chuma mjini Oyugis, na alikuwa amefika siku iliyotangulia na mabati mapya bila kumwambia mtu. Kwetu, mgeni akinyeshewa ndani ya nyumba, aibu si ya mvua wala ya mama. Ni ya mtoto wa kiume.

"Unaonaje, nyamera?" aliniuliza, akiniita dada kwa Kijaluo. "Walimu wa chuo kikuu hawawezi kukuja kunyeshewa kwetu."

"Matundu yako wapi?"

"Matundu gani?"

"Ya paa."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa waliko kunguni aliowaua.

Niliingia ndani. Palikuwa baridi na giza safi. Sakafuni hapakuwa na jua hata moja. Nilitoka nikachukua nyundo ya kaka na msumari, na kabla hajanielewa mama alikuwa amesimama kati yetu.

"Gusa hayo mabati uone," alisema.

"Mama, ni tundu moja tu."

"Nimelala bila sufuria kando ya kichwa, mara ya kwanza tangu baba yenu afe. Hao walimu wako, mvua ikinyesha, watalala hapa?"

"Hapana."

"Basi wakatafute jua kwingine. Hiki kifua unachokipiga picha ndicho kinacholala chini ya hilo paa."

Nilikuwa nimebishana na idara nne. Na mama sikubishana. Nilirudisha nyundo.

Simu ikalia. Walimu walikuwa njiani, wamefika Rodi Kopany, wanakunywa chai.

Mabati ya zamani yalikuwa yamerundikwa nyuma ya nyumba, yakingoja kuzungushiwa choo. Niliinua moja juani, na matundu yote yakanikonyeza. Paa la kibanda cha samaki lina pengo upande mmoja, limeachwa ili moshi utoke. Nikamwambia kaka aniwekee bati lile juu ya pengo.

"Wageni tuwapeleke kwa moshi?" Sauti yake ilipanda. "Nimejivunja mgongo huu kwa nini? Sebule iko. Vitambaa vimefuliwa. Wewe unataka kuwaketisha na mbuta."

"Ndiyo."

"Sipandi."

"Basi napanda mimi."

"Wewe ni msichana. Mwanamke hapandi juu ya nyumba, hata hilo chuo kimekusahaulisha?"

Hakuwa akinionea. Ni mwiko kweli. Paa ni la mwanaume, na mwanamke akionekana juu yake majirani hujua kuna neno. Nilimtazama mama nikitegemea akubaliane naye. Yeye alikuwa akifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole kwa kidole.

"Juu ya nyumba ya mwanaume," alisema. "Kile kibanda kina mwanaume gani? Tulikijenga sisi wanawake, tukabeba miti wenyewe. Moshi wake nimeuvuta mimi. Panda, nyathina, mwanangu."

Nikapanda. Kaka alishika ngazi huku akitazama upande wa ziwa, ili mtu akipita asije akadhani yeye na ile ngazi wanajuana.

Walimu walipofika walipitishwa sebuleni, wakaketi juu ya vitambaa, wakapewa soda, wakasifu paa. Kaka akang'aa kuliko mabati yake. Kisha nikawaambia wanifuate nyuma, na nikaona mwalimu wa sinema akitazama viatu vyake.

Moto ulikuwa unafuka. Nilimsihi mama auzime, akakataa; alisema samaki hawajui kama kuna wageni. Kumbe alinifanyia jambo ambalo nisingelifikiria. Ule moshi ulionyesha mwanga. Kutoka kila tundu la bati kuukuu ilishuka fimbo nyembamba ya jua, nyeupe, iliyonyooka, msitu mzima wa fimbo, na mwisho wa kila moja, juu ya shuka nililolitandaza chini, jua dogo. Kibanda ni kifupi kuliko nyumba, kwa hiyo majua yalikuwa madogo kuliko ya utotoni mwangu, lakini makali zaidi. Niliweka eksirei ya mama katikati yao, nikawasha kamera.

Jua la angani lilikuwa limeanza kuelekea magharibi, ziwani, na haya ya chini, kama kawaida yake, yakaenda kinyume, yakikimbilia nchi kavu, yakipanda mbavu za mama moja baada ya nyingine. Yaliwaka, yakazimika, yakawaka.

Mwalimu wa fizikia alikohoa, akafuta miwani. "Ni sahihi," alisema. "Ni nzuri pia. Lakini fizikia yake ni ya mwaka wa kwanza. Swali la utafiti liko wapi?"

"Mwanga unajua nini kuhusu mtu?"

"Hilo si swali la fizikia."

"Ni la fizikia, na la tiba, na la nyota, na la sinema."

"Hakuna idara ya hayo yote. Chagua moja."

Mwalimu wa sinema alikuwa mpole zaidi, na upole wake ulinichoma zaidi. "Mimi naweza kukupokea," alisema. "Lakini toa hii ya hospitali. Kamati haitaipitisha. Tumia jani, tumia kitambaa cha kufuma. Mwendo ni uleule."

Mama, aliyekuwa akigeuza samaki, akasimama. "Mbona anataka kunitoa?"

"Ni utaratibu, mama," mwalimu alimwambia. "Tunakulinda."

"Mnanilinda na jua?"

Mwalimu akanigeukia mimi, akingoja. Nilijua ninachokipoteza: miaka ya karo, cheo ambacho mama alishaanza kukitaja sokoni, kiti pekee nilichowahi kupewa katika jengo lenye vitabu. Nilijua pia kwamba jani halijawahi kukohoa usiku kucha ili nisome. Wameugawa ulimwengu vyumba vyumba, kisha wanashangaa kwamba jua haligongi mlango kabla ya kuingia.

"Sichagui," nikasema. "Na yeye hatoki."

Mwalimu wa fizikia alitikisa kichwa, bila ubaya. "Basi jina lako hatutaweza kulibakiza."

"Lifuteni."

Walikula. Ni watu wenye adabu, na mbuta wa mama hakataliki. Kaka aliwasindikiza hadi kwenye gari, akarudi akipiga mawe teke.

"Wamekula samaki wetu wakatunyima digrii," alisema. "Na paa hawakulitumia."

"Walilisifu."

"Kweli walilisifu." Akafikiri. "Yule wa miwani aliuliza nimetumia mabati ya geji gani."

Nilirudi kibandani. Machozi yalikuwepo, nikaulaumu moshi. Kamera ilikuwa bado inarekodi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiambia iache, na jua moja lilikuwa linapanda kuelekea begani kwa mama kwenye eksirei. Nilichutama kando ya kamera. Sikuwa tena mwanafunzi wa mtu yeyote, na kazi ilikuwa haijaisha hata nusu.

Mlangoni pakaingia kivuli. Alikuwa jirani yetu, mmoja wa wale waliobeba miti ya kibanda pamoja na mama, mjane mwenye mdomo mkali kuliko kisu chake cha magamba. Kwapani alikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Alizitazama fimbo za mwanga, akautazama uso wangu, akaamua kutouuliza uso.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

"Vizuri. Sasa una nafasi." Akachomoa eksirei yake akainyanyua juani. "Tazama mbavu hizi. Za mama yako zimepinda. Mimi unanianza lini?"

"Hata sasa, mama, jua likimaliza picha hii."

"Nasikia huko chuoni wanataka mtu afichwe jina."

"Ndiyo utaratibu wao."

"Langu liandike." Aliketi juu ya gogo, akakunja leso magotini, mtu aliyejiandaa kusubiri. "Kwa herufi kubwa. Lisomeke mpaka Homa Bay."