Tangazo Lililompita Breki

Pale ofisini wenzake walimwita Breki, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kupima matangazo ambayo watu wanataka yasambazwe mitandaoni: hili linauza kwa haki, hili linamvuta mtu kwa hila. Hila zenyewe alizijua kwa harufu. Tangazo la kumtisha mteja, la kumharakisha, la kumtia aibu mbele ya jirani, yote yaligonga kwake yakarudi yalikotoka.

Walipima kwa masikio. Mmoja husoma maneno kwa sauti, bila kutaja ukurasa wala kuonyesha picha. Mwenzake husikiliza amefumba macho, na akihisi tu kwamba anasukumwa, hunyoosha mkono. Mkono ukipanda, tangazo limekwama. Msomaji wake alikuwa bwana mmoja aliyewahi kutangaza redioni, sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Akikusomea tangazo la ndoo, utataka ndoo. Breki hatikisiki. Mwanamke mkavu huyo, jamani.

Siku hiyo bwana yule akasoma: "Mama yangu alikuwa akitambaa kwenda chooni. Nikampaka mafuta haya magotini. Leo anakwenda sokoni kwa miguu yake. Wewe wako unamngojea nini?"

Breki akamkumbuka mama yake, na magoti yale yaliyomtesa. Akajiona mtoto gani yeye, hajawahi kumpelekea mama hata kichupa kimoja. Mkono ukabaki mapajani.

"Linapita?"

"Linapita. Hebu nione wanauzia wapi, nimnunulie mama."

Akafumbua macho. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa mama yake mwenyewe, kapu mkononi, anacheka. Ukurasa ulikuwa wa mdogo wake, muuza mitandio, kumbe sasa kaingia kwenye mafuta. Alishaliweka tangazo kwa wafuasi wake wiki nzima, na sasa alitaka lifike kila kona.

Uso ulimwaka. Kutambaa, kweli. Mafuta, kweli, mdogo wake alimpaka mama kila jioni. Lakini mama aliinuliwa na vidonge vya hospitali, na mazoezi ambayo Breki mwenyewe aliyasimamia huku akinuniwa, na hayo hayakuandikwa popote. Neno la uongo hulikuti, ila ukimaliza kusoma umeshadanganywa.

"Lirudishe," alisema. "Na mimi nitoe hapa. Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Breki, hili litakuwa lake la tatu kurudishwa. Ukurasa utafungwa."

"Najua."

"Akijua ni wewe je?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Jioni alimkuta mdogo wake kwa mama, macho mekundu, simu imelala mezani kifudifudi. Breki akamweleza yote bila kuzunguka.

"Dada, umenimwagia unga," mdogo mtu alisema. "Haya, nitajie uongo nilioandika."

"Hukuandika uongo. Umeiruka hospitali."

"Kila mfanyabiashara ana anachokiruka. Nani kaumia?"

Breki akaitazama ile simu mezani. Alishafunga kurasa za watu wengi, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo uso kwa uso. Akaona haya, tena akamwonea mdogo wake huruma.

Mama, aliyekuwa kitini, akaingilia. "Msigombane, wanangu. Mafuta ni mazuri. Mimi vile vidonge nimeshaviacha."

"Umeviacha tangu lini, mama?" Breki aliuliza.

"Tangu nilipoonyeshwa hiyo posti yenu. Na yale mazoezi yako ya kunitoa jasho nimeacha. Watu wote wale wameweka dole gumba, mimi nani nibishe? Goti linanikaza kidogo, lakini nadhani ni kwa sababu jana hatukupaka."

Mdogo mtu akashuka sakafuni, akapandisha gauni la mama taratibu. Goti lilikuwa limevimba tena, linang'aa kwa mafuta ya juzi. Akaanza kulia.

Mama akamnyooshea mguu, akidhani anataka kumpaka.