Gari la Kaka Lilivyokwama na Jeneza Lake

Nisikilizeni, kisha mnicheke mkitaka, maana mimi mwenyewe kicheko kimenishinda. Juzi tulimsafirisha marehemu kaka yangu kutoka Makambako kwenda kumzika kwetu Bulongwa, kwa pikapu yake mwenyewe. Usukani niliudai mimi. Kila aliyetaja matope nilimjibu, "Hii ni fowili, jamani! Magurudumu yote manne yanavuta."

Kwenye mlima wa mwisho tukakwama. Nikavuta gia ndogo ya fowili kwa mbwembwe, nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakachimba shimo, ya mbele yametulia tu. Wazee wakasukuma mpaka suti zikageuka rangi ya udongo. Mwishowe wakalishusha jeneza, wakalibeba mabegani kwenye mvua, wakiimba huku wanateleza.

"Kaka hakulitunza gari hili," nikasema. Ndiyo, nilimsingizia marehemu.

Mjane wake akashuka garini. Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akafuta tope kwa khanga yake, akazungusha kifungio kidogo kilichopo katikati. Akaenda upande wa pili, akafanya vilevile.

"Kaka yako alikuwa anashuka kwanza kufunga hivi," akasema taratibu. "Bila hivyo, ya mbele hayavuti. Mimi nilikuwa namshikia mwavuli. Haya, jaribu sasa, shemeji."

Nikakanyaga mafuta. Gari likapanda mlima wote bila shida, likiwa tupu, nyuma ya jeneza.