Vidole Chini ya Pazia

Simu ilipigwa saa nne asubuhi, Perlita akiwa ameinama juu ya beseni la mashuka ya hoteli. Duka la kufulia alilofanyia kazi pale Jaro, mjini Iloilo, Ufilipino, lilikuwa na mashine tatu na zote zilikuwa zinazunguka, kwa hiyo alibana simu begani na kuziba sikio la pili kwa mkono wenye povu.

"Dada Perlita, uko peke yako?" Alikuwa Delsa, fundi aliyeshona sare za shule meza moja na Leonila, dada yake Perlita.

"Niko na mashuka. Kuna nini?"

"Kaa chini kwanza."

"Delsa, sina nafasi ya kukaa. Sema."

"Dada Leonila ameangukia cherehani. Tulimbeba mbio mpaka hospitali, lakini hatukuwahi. Amefariki, dada."

Kilichomtoka Perlita kinywani hakikuwa kilio. Alisema, "Na ile hati je?" Baadaye alimwambia padri maneno hayo katika kitubio, na padri akamwambia kwamba Mungu hamhesabii mtu neno la kwanza baada ya pigo. Hata hivyo Perlita aliendelea kujihesabia.

Hati aliyoiulizia ilikuwa ya nyumba ya Leonila, vyumba viwili na jiko, iliyonunuliwa kwa mkopo wa miaka ishirini. Leonila hakuolewa wala hakuzaa. Watoto wake walikuwa wa Perlita: Amihan, wa miaka kumi na mmoja, na Jolan, wa miaka saba, na wote walimwita Mama Mkubwa. Kila tarehe kumi na tano, siku ya mshahara, aliwachukua kwenda kula kuku wa kukaanga na tambi tamu mjini. Mfupa aliumalizia yeye, maana Jolan aliacha nyama nyingi.

Halafu, mwaka wa tisa wa mkopo, alibadilika. Alitaka kuumaliza mapema, akaanza kulipa karibu mara mbili ya alichotakiwa kila mwezi. Safari za kuku zikapungua, kisha zikakoma.

Perlita alijua ilikotoka hofu ile. Leonila alikuwa na miaka kumi na mmoja wakati wadai wa baba yao walipokuja kuchukua nyumba. Siku ile walitolewa nje kabla ya chakula cha mchana, na Leonila akatoka na sufuria ya wali ikiwa bado ya moto, akaungua mikono yote miwili. Makovu yangebaki mpaka uzeeni, kama uzee ungemfikia.

"Watoto wako hawatatolewa nje na sufuria mkononi," alikuwa akisema. "Hiyo nyumba ni yao. Hati ikitoka nitawapeleka wakale kuku mpaka washindwe kutembea."

"Hati itatoka wakiwa na ndevu," Perlita alimjibu.

"Amihan atakuwa na ndevu?"

"Kwa njaa unayowashindisha, lolote linaweza kuota."

Walicheka siku ile. Mwezi Novemba hawakucheka. Jolan alikuwa na sikukuu ya kuzaliwa, Leonila akaja na biskuti za mkate uliokaushwa, zile za kuchovya kwenye kahawa, kwenye mfuko wa nailoni. Wageni waliona. Perlita alimvuta jikoni.

"Dada, umekuwa mkono wa birika mpaka unanitia aibu. Krismasi ikija na huna kitu, afadhali usijionyeshe kwa watoto."

Leonila alikunja ule mfuko mtupu mara nne, akauweka kwenye pochi, akaaga.

Kwao Krismasi watoto huenda nyumba hadi nyumba baada ya misa, wakishika mkono wa mkubwa na kuugusisha paji la uso, na mkubwa huwapa noti mpya. Na ni mzaha wa kila mwaka kwamba siku hiyo mama wa ubatizo hupotea mtaani ili asitoe noti. Leonila hakufanya mzaha. Amihan na Jolan walisimama kwenye geti lake wakaita. Taa zilikuwa zimezimwa na mlango umefungwa kwa ndani. Jolan alichungulia kwenye uwazi wa geti, akarudi nyumbani amenuna.

"Mama, Mama Mkubwa yupo. Nimeona vidole vyake chini ya pazia la dirisha."

Perlita alimwambia labda amechoka. Angeweza kuvuka mitaa miwili na kugonga. Hakwenda Krismasi, wala mwaka mpya, na Januari nayo ikaisha kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Leonila alikufa Jumanne, katikati ya Februari.

Walimlaza katika sebule yake, ndani ya jeneza lenye kioo, na kumzungushia mikononi rozari iliyokatwa, ili asimvute mwingine wa familia. Hakuna aliyefagia, maana nyumba ya msiba haifagiwi. Nje, wanaume walicheza karata kuchangisha gharama za mazishi, na jirani yao Osting, aliyemjua marehemu tangu utoto, alitazama balbu zote zinazowaka.

"Leonila angekuwa hai angetuzimia hizo taa zote, atuachie mshumaa mmoja."

"Na huo mshumaa angeuzima tukishazoea giza," mwingine akasema.

Walicheka, kisha Osting akafuta macho na kutupa karata zake mezani bila kuzitazama.

Kabla hawajamlaza humo, Perlita alipokuwa akitafuta gauni la kumzikia, alikuta kabatini kopo la dawa za presha. Kila kidonge kilikuwa kimekatwa nusu kwa mkasi wa kushonea, na unga mweupe ulikuwa bado kwenye makali. Daktari alikuwa amemwandikia kizima kimoja kila asubuhi. Alifunga kopo, akaliweka mfukoni mwa sketi, akakaa nalo siku zote za msiba.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja kutoka ofisi ya mkopo, aliyekuwa akimhudumia Leonila dirishani. Alisali mbele ya jeneza, akatoa rambirambi, kisha akasema Leonila alimaliza deni lote tarehe thelathini Januari na Ijumaa ile alikuwa aje kuchukua hati.

"Alitaka kunikumbatia kupitia lile dirisha," akasema.

Perlita akauliza, "Na kama angekufa bado anadaiwa?"

Yule mama alitazama kikombe chake cha kahawa. "Mkopo ule una bima ya kifo. Bima ingelipa lililobaki."

"Nyumba ingekuwa ya watoto?"

"Ingekuwa yao vilevile."

"Yeye alijua?"

"Imo kwenye karatasi alizotia sahihi siku ya kwanza. Karatasi ni nyingi, mama. Watu hawazisomi."

Perlita alimshukuru kwa kuja, akakumbuka kwamba kwenye msiba hawashukuru, akamwongezea kahawa. Usiku ule alisali rozari na wenzake, na kila alipofika kwenye "saa ya kufa kwetu" alilishika lile kopo mfukoni.

Asubuhi ya mazishi watoto wa familia lazima wavushwe juu ya jeneza, wapokezanwe kutoka upande huu hadi ule, ili marehemu asije kuwasumbua usingizini. Amihan alikubali. Jolan alijishikiza kwenye mguu wa meza.

"Sitaki. Yeye hataki kuniona."

"Jolan, inuka," baba yake, Wendel, akasema. "Gari linasubiri."

"Alijificha! Alinisikia nikiita akajificha!"

Perlita alipiga magoti kwenye sakafu isiyofagiwa, akamshika mtoto mabega.

"Ni mimi niliyemwambia, mwanangu. Nilimwambia kama hana kitu cha kuwapa asijionyeshe. Hakuwakimbia ninyi. Alinitii mimi."

Jolan aliuachia mguu wa meza. "Mimi sikutaka pesa. Nilitaka aone viatu vyangu."

Vilikuwa viatu vyekundu alivyonunuliwa kwa ajili ya misa ya Krismasi. Amihan alikwenda mbio nyumbani akavileta. Perlita alimvisha mwenyewe, akamfunga kamba, na dereva wa gari la maiti akasubiri.

Wendel alimwinua mtoto, akampitisha juu ya kioo, na Osting akampokea upande wa pili. Jolan alinyoosha miguu ili viatu vionekane. Hakulia. Perlita alirudi nyuma hatua moja, chozi lake lisidondokee kioo, maana kwao ni mkosi.

Walimpeleka kanisani, padri akanyunyiza maji ya baraka, kisha wakaenda makaburini kwa miguu nyuma ya gari. Kaburi lilikuwa chumba cha saruji katika ukuta wa makaburi yaliyopangana, safu ya tatu kutoka chini. Kabla ya kufunga, Perlita aliingiza kopo la vidonge miguuni pa dada yake. Mafundi walipanga matofali, wakapiga plasta, na mmoja akaandika jina na tarehe kwa msumari plasta ikiwa mbichi. Walisali Baba Yetu na Salamu Maria, wakamwombea raha ya milele.

Kwao mtu hatoki mazishini moja kwa moja hadi nyumbani, asije akaandamana na mauti. Wakapitia kwenye kuku. Perlita aliagiza sahani nne, pamoja na tambi. Jolan aliacha nyama nyingi kwenye mfupa. Perlita aliuchukua akaumalizia, wakanawa mikono, wakaenda nyumbani.