Fenesi la Madamu Amito

Mambo mawili yalimtia Amito kinyaa tangu utotoni: ulimbo wa fenesi vidoleni, na watu wengi kuitikia kwa mdomo mmoja.

Hilo la pili lilianzia kambini Naguru, alikozaliwa. Baba yake, sajini Otema, polisi kutoka kaskazini, alilea wanawe kwa Kiswahili cha gwaride. Kila jioni aliwapanga mstari mlangoni. "Tuko wo—?" aliuliza. "Wote, afande!" walimalizia. Siku mdogo wao alipolazwa hospitali, nafasi yake mstarini ikiwa wazi kama pengo la jino, baba aliuliza vilevile, nao wakaitika vilevile: "Wote, afande!" Amito naye aliitika. Jioni ile hakugusa chakula.

Akakua, akasoma fizikia, akawa mwalimu, na kule alikotarajia kupona ndiko alikokuta ugonjwa umejenga nyumba. Maana shule zetu za Kampala zina mtindo wao: mwalimu hukata neno katikati, darasa likamalizia. Hufanyika kwa Kiingereza, lakini hapa nitakutafsiria. "Mvutano ni ka—?" "Kaniii!" "Dunia ni mviri—?" "Mviringooo!" Mwalimu anatabasamu, mzazi anayepita nje anatabasamu, na hakuna kichwa hata kimoja kilichofanya kazi. Amito aliona ni kulishana tonge lililokwisha kutafunwa. Yeye aliuliza swali zima, kisha akanyamaza akasubiri. Kwa hiyo madarasa yake yalikuwa kimya, na shule hazipendi kimya. Kila muhula ulimkuta shule nyingine, mwalimu wa muda, na kichwa kimeshaanza mvi.

Mwaka huu alipata shule ya binafsi Kyebando, jengo la ghorofa moja nyuma ya maduka. Mwenye shule, Haji Hamim, ambaye wote humwita Dairekta, alimwahidi kazi ya kudumu kwa sharti moja: Ijumaa atakuja kumwona akifundisha. Akipendezwa, ameajiriwa. Asipopendezwa, kwaheri.

Mwalimu wa hesabu, Yasiin, Mnubi mwenye huruma, alimvuta pembeni.

"Madamu, wewe nasumbuka bure," alimwambia. "Dairekta nataka sikia kelele tu. Patia yeye kelele, yeye napatia wewe kazi. Bas."

"Na kama kelele yenyewe ni uwongo?"

"Uwongo ya nani? Si iko kwa pamfleti?"

Kweli, ilikuwamo. Pamfleti ile ya fizikia, kijitabu cha majibu ya mtihani, nakala ya nakala ya nakala, ilikuwa imepita mikono mingi mpaka kurasa zikagandana kwa mafuta ya chapati na kitu kingine kilichokauka ambacho Amito hakutaka kukijua. Aliishika kwa vidole viwili. "Kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi," ilisema, na mtu alikuwa amepigia mstari mwekundu.

Kilichomchefua zaidi ni kwamba somo lenyewe lilikuwa habari za watu waliokataa kuitikia. Mgiriki mmoja wa kale alisema jiwe lina kwao, na kwao ni chini. Lililo zito lina hamu zaidi ya kufika, basi hutangulia. Wasomi wakaitikia karibu miaka elfu mbili. Wachache waliobisha hawakusikilizwa sana, hadi Mwitaliano mmoja alipovingirisha mipira ya shaba kwenye ubao ulioinamishwa, akapima, akaona uzito hauharakishi kitu. Newton akaja kusema kinachoangusha tunda ndicho kinachouzungusha mwezi, na kwa nini iwe hivyo, akakiri hajui. Einstein akasema wala hakuna kinachovuta: nafasi na wakati vyenyewe hupinda penye kitu kizito, na vitu hufuata mpindo. Kwa hiyo hata ile "Kaniii!", yaani nguvu ivutayo, haikuwa neno la mwisho. Karne moja baadaye, mwaka 2015, mitambo ikanasa mtikisiko wa mpindo huo, uliotoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana huko mbali angani. Na mpaka leo hakuna aliyezipatanisha hesabu hizo na hesabu za chembe ndogo kabisa.

Wanafunzi walisikiliza hayo wiki nzima. Kisha Sumayiya, msichana wa benchi la mbele, akauliza, "Madamu, sasa tuandike ipi?"

Angalau huyo aliuliza. Wengine walikuwa wakingoja neno likatwe.

Ijumaa Dairekta akaja, ananukia marashi, viatu vya ngozi vinang'aa. Amito aliwapanga wanafunzi uani, akapanda ghorofani na fenesi lililoiva kupita kiasi, la mti ulio karibu na choo cha shule, na ndimu moja. Ulimbo ulikuwa umeshamshika vidole, na harufu ilimpanda puani.

"Tazameni vizuri," alisema, akaviachia pamoja.

Puu! Fenesi likapasuka, nzi wakafika kabla ya mtu yeyote.

"Kipi kimetangulia?"

Kimya. Alikipenda kimya kile. Aliona macho yakihangaika, akamwona Sumayiya akianza kufungua mdomo. Lakini Dairekta alikuwa hajazoea kusubiri. Akapiga makofi. "Kizito kimeta—?"

"Nguliaaa!" darasa zima likalipuka, huku ndimu na fenesi vimelala miguuni pao.

"Wanajua!" Dairekta alicheka, akainua uso. "Na wewe Madamu, usitususie. Kizito kimeta—?"

Na mdomo wa Amito ukasema, "Ngulia."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mdomo ule haukungoja ruhusa yake. Ulikuwa umefunzwa mlangoni Naguru kabla hajajua kusoma.

"Vizuri sana. Jumatatu uje na vyeti vyako," alisema Dairekta. "Kazi ni yako."

Amito alishuka ngazi akijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, kama mtu aliyelamba ulimbo. Alijichukia. Chini ya ngazi alimkuta Sumayiya anamngoja.

"Samahani, Madamu," alisema msichana. "Mimi niliona vimefika pamoja. Kumbe niliona vibaya."

Hakuwa anabisha wala kulalamika. Alikuwa ameshasadiki, na hilo ndilo ambalo Amito hakuweza kulimeza.

"Hukuona vibaya. Mimi nimesema vibaya."

Akaenda jikoni, akalichukua fenesi lililowekewa walimu, akaokota ile ndimu, akapanda tena. Dairekta alikuwa bado uani akipongezwa.

"Tunarudia," Amito alisema kutoka juu. "Safari hii fumbeni macho, msikilize. Mtaniambia ni mishindo mingapi."

"Madamu, yatosha," Dairekta alisema. "Tumekwishaona."

Akaviachia.

Puu!

"Mishindo miwi—?" Dairekta aliwahi, na darasa likavuta pumzi limalizie.

"Mmoja," alisema Sumayiya, macho bado ameyafumba.

Hakuna aliyemfuata, lakini hakuna aliyemalizia neno la Dairekta pia. Mtoto mmoja akafumbua macho akaitazama ndimu. Dairekta alitazama viatu vyake, vilivyorukiwa na ulimbo na kokwa, na uso ukamkunjamana kwa kinyaa.

"Uchafu gani huu?" alisema. "Madamu, Jumatatu usije."

"Ndiyo, Dairekta."

Amito akaenda jikoni kuomba mafuta ya kutolea ulimbo. Vidole vilinata, vinanuka, vilimchukiza kama siku zote. Sumayiya alimfuata mpaka mlangoni.

"Lakini Madamu," aliuliza, "kama hakuna kinachovuta, mbona fenesi limeshuka?"