Mstari wa Kangaga

Kazini walimwita Taratibu. Kila asubuhi, kabla hajagusa nyundo, alisimama mbele ya mwamba akiutazama mpaka wenzake wakamzomea: "Taratibu, unauposa huo mwamba au unauchonga?"

Alikuwa mume wangu, mchonga mawe. Alichokuwa akitazama ni kangaga, mmea mdogo wa mlimani, vikonyo vyake vyeusi na vyembamba kama nywele. Kangaga haioti kwenye jiwe zima. Hutafuta ufa, mahali maji yanapopenya. Palipokuwa na mstari wa kangaga, mume wangu hakusimama chini yake, wala hakumwacha mtu asimame.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Akichelewa dakika kumi, nimeshatoka kuchungulia barabarani mara tatu. Zile kangaga ndizo zilizonipa usingizi.

Mwaka jana walitarajiwa wakaguzi, na msimamizi akataka machimbo yapendeze. Watu wakapewa brashi za waya, wakausugua mwamba ukabaki mweupe. Siku hiyo mume wangu alikuwa kitandani na homa.

Kesho yake alirudi kazini. Jioni chakula chake kilirudi vilevile nilivyokifunga.

"Wameunyoa," akasema.

"Si unakumbuka zilipokuwa?"

"Nakumbuka, mama watoto. Nyingi."

Hakusema "zote." Nikamsihi akae nyumbani mpaka ziote tena.

"Hizo ni za miaka. Na nikikaa, wale nani atawaambia wasogee?"

"Na wewe nani atakwambia usogee?"

Akacheka. "Wewe si upo? Sauti yako inafika mpaka kule."

Siku ya nne, saa nne asubuhi, bamba la jiwe lilishuka. Alikuwa amewaondoa wenzake upande aliotilia shaka. Yeye alisimama upande aliokuwa na hakika nao.

Baada ya mazishi wachonga mawe wawili walikuja, wakakaa sebuleni, kofia magotini. Mmoja akaniuliza polepole, "Shemeji, hakuwahi kukutajia nyufa nyingine ziko wapi? Kesho tunarudi kazini."

Nilijua bega lipi lilimuuma wakati wa baridi. Nilijua anakunywa chai na vijiko vingapi vya sukari. Kuhusu mwamba, miaka yote nilimuuliza jambo moja tu: umerudi salama?

Nikawaambia sijui.

"Haya, shemeji, asante," wakasema, wakavaa kofia zao.